Ayubu hakuishia sura ya kwanza

Nenda msiba wowote huku Kilimanjaro, iwe Old Moshi, Marangu au Machame, usimame pale kihambani jeneza linaposhushwa kati ya migomba. Mstari utakaosomwa unaujua hata kabla haujasomwa: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Baada yake atasimama mzee mmoja aseme kazi ya Mungu haina makosa. Na mjane anayelia kwa sauti ataambiwa na shangazi yake, kwa upole kabisa, "Basi mama, nyamaza, usimkufuru Mungu."

Mstari ni wa kweli, na Ayubu aliusema kwa moyo. Ila tunausoma kana kwamba aliusema, akakunja mkeka, akaenda zake. Kitabu chake kina sura 42, na mstari huo uko sura ya 1, aya ya 21. Fungua sura ya 3 umkute mtu yule yule, na msiba ule ule, "akafunua kinywa chake, na kuilaani siku yake." Kuanzia hapo anauliza, anabisha, anadai kesi yake isikilizwe, anamwambia Mungu amwondokee angalau ameze mate. Marafiki zake watatu wanamsihi aongee kwa adabu. Mafundisho yao yangepita bila shida kwenye semina yoyote ya neno la Mungu: Mungu ni wa haki, mateso yana sababu, tubu utainuliwa. Kisha inafika sura ya 42 aya ya 7, aya ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa makaburini. Mungu anawaambia wale watatu kwamba amewakasirikia, kwa kuwa "hamkunena yaliyo sawa katika habari yangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu."

Yaani aliyebishana ndiye aliyenena sawa. Waliomtetea Mungu ndio waliohitaji kuombewa, tena na Ayubu mwenyewe.

Najua swali linalokuja, kwa sababu huwa linakuja kila mara: mbona Waisraeli walipigwa jangwani kwa kunung'unika? Walipigwa kweli. Lakini soma Hesabu 14 uangalie walikuwa wanaongea na nani. Wanawanung'unikia Musa na Haruni, kisha wanaongea wao kwa wao, habari za Mungu, na mazungumzo yanaishia kwenye shauri la kumchagua kiongozi awarudishe Misri. Sasa rudi nyuma sura tatu tu, Hesabu 11, umsikilize Musa. Maneno yake ni makali kuliko ya watu wote: kwani mimi ndiye niliyewachukua mimba watu hawa? Nyama nitaitoa wapi? Kama ndivyo unavyonitendea, uniue. Hayo yote anamwambia Mungu usoni. Jibu alilopata si kukemewa. Aliambiwa awakusanye wazee sabini wabebe mzigo pamoja naye.

Kiswahili kinatupa kipimo chepesi cha jambo hili. Umesimama dukani kwa Mangi unasubiri chenji, unamwambia jirani, "Mungu kaniacha." Hilo ni nung'uniko, na jirani hana la kufanya nalo zaidi ya kulipeleka mbele. Ukigeuka ukasema "Mbona umeniacha?" umebadilisha kiambishi kimoja tu, lakini sasa unaongea na Mungu mwenyewe. Ni maneno ya Zaburi 22, na ndiyo Bwana Yesu aliyoyatumia msalabani. Yeye hakutafuta maneno ya heshima zaidi kwa saa ile.

Heshima ndiyo inayotufunga wengi. Mtoto aliyelelewa vizuri huku mlimani hamfokei baba yake, na jambo zito humpelekea kupitia kwa mjomba au mzee wa ukoo. Kwa hiyo mtu akipiga magoti anavaa maneno kama anavyovaa suti ya Jumapili, na yale yaliyomleta magotini yanabaki nje kwenye kandambili. Sala yenyewe unaijua: "Mungu Baba, Alfa na Omega, Simba wa Yuda, tunakushukuru kwa pumzi uliyotupatia, maana wako wengi walitamani kuiona siku hii ya leo lakini hawakuweza, si kwamba sisi ni wema sana..." Zinapita dakika saba. Mtoto wake amelazwa, kazi imeisha mwezi uliopita, na hakuna kimojawapo kilichotajwa. Mwishoni kinakuja "na mahitaji yetu wewe unayajua", kisha amina.

Ndiyo, anayajua. Aliyajua pia ya Bartimayo, kipofu mbele ya macho yake, na bado alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?"

Kwa mtu asiyejua aanzie wapi, mwalimu mzuri ni Zaburi 13. Ina aya sita tu, unaweza kuikariri kwenye daladala kutoka mjini hadi hospitali ya KCMC. Imegawanyika mara tatu, aya mbili mbili. Aya ya 1 na 2 ni lalamiko, na ndani yake "hata lini" inarudi mara nne: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako, hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu, hata lini adui yangu atukuke juu yangu. Angalia mpangilio. Mawili ya kwanza yanamhusu Mungu, la tatu linahusu kichwa chake mwenyewe kinachozunguka bila kupata usingizi, la nne linahusu watu. Shida kubwa karibu zote zina pande hizo tatu, na ukiruka mmoja sala inachechemea. Aya ya 3 na 4 ni ombi, nalo ni fupi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Aya ya 5 na 6 ni tumaini, linaloanza kwa neno "Nami". Hajaambiwa chochote, adui bado yuko, ila anasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako."

Tuchukue mfano wa shida iliyojaa mitaani: mikopo ya kausha damu. Baba mmoja amekopa laki sita bila kumwambia mkewe, riba imezaa riba, na kesho wanakuja kubeba kochi na televisheni. Sala yake kwa mpangilio wa Zaburi 13 inaweza kuwa hivi:

"Baba, ni mimi tena. Nilikopa laki sita, nimerudisha laki nne, na bado wananidai laki tano. Hata lini? Nilikuomba mwezi wa pili ukanyamaza. Nina hasira na wewe, na ninaona aibu kusema hivyo. Silali, napiga hesabu usiku kucha na hesabu haibadiliki. Kesho watakuja na pikapu ya kubebea vitu, na majirani wote watatoka nje. Ujinga wa kukopa ni wangu, sikusingizii. Naomba mambo mawili. Unipe mdomo nimwambie mke wangu leo, kabla hajaambiwa na wao. Na yule wa mikopo akubali nilipe elfu thelathini kwa wiki. Njia siioni. Nami nimekuja kwako hivyo hivyo, kwa jina la Yesu. Amina."

Haifiki dakika moja. Hakuna sifa hata moja ya kuazima, lakini kila sentensi inamwamini Mungu kiasi cha kumwambia ukweli. Toba imo, na imekaa mahali pake: ametaja kosa lake moja kwa jina, hajajitupia makosa yote ya ulimwengu ili Mungu amhurumie. Ombi lina namba. "Utubariki kiuchumi" ni ombi ambalo hata likijibiwa hutajua. Laki tano, wiki, jina la mtu, tarehe ya ada: hayo yana mlango wa kubisha. Na ombi la kwanza linamgusa yeye mwenyewe, kitu cha kufanya leo. Sala ya kweli huwa inamrudishia mwombaji kazi, na pengine ndiyo sababu tunapenda kuomba kwa jumla jumla.

Wengi hukosea wakifika kwenye "Nami". Mtu anaanza kulalamika vizuri, sentensi mbili hivi, anashtuka kwa alichosema, anakimbilia ushindi: "lakini nakushukuru kwa kuwa umeshatenda!" Anapiga breki kabla gari halijatoka kituoni. Lalamiko lililokatwa halipotei, linarudi saa tisa usiku likiwa na meno. Kaa kwenye aya ya 1 na 2 mpaka umalize. Kwa msiba mkubwa hilo linaweza kuchukua miezi, na hakuna amri inayosema aya zote sita lazima zisaliwe siku moja.

Andika. Chukua daftari la shule la kurasa 40, la kawaida, usitumie simu, maana simu italeta ujumbe wa kikundi katikati ya machozi. Ukurasa wa kushoto andika tarehe na lalamiko kwa maneno unayoyatumia kweli, pamoja na yale usiyoweza kuyasema jumuiyani. Ukurasa wa kulia andika ombi, lisizidi mistari mitatu. Dakika kumi zinatosha. Funga, liweke mahali ambapo watoto hawafiki. Rudi kwenye ukurasa ule baada ya miezi mitatu, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Utakuta mambo ya aina tatu: yaliyojibiwa ukasahau hata kushangaa, yaliyojibiwa kwa namna usiyoipenda, na yaliyobaki kimya. Usilazimishe la tatu liingie kwenye la pili. Kimya andika kimya. Habakuki alifanya karibu hivyo hivyo: alilalamika sura ya 1, akapanda mnarani kwenye zamu yake kungoja atakachoambiwa, na alipojibiwa aliambiwa aandike.

Kuhusu lugha. Wamisionari wa Leipzig waliofika mlimani mwaka 1893 walijifunza Kichagga ili wafundishe. Leo ibada zetu ni Kiswahili, na ni sawa, maana usharika wa mjini una Wapare, Wameru, Wasambaa na watu wa bara zima. Lakini mtu akiumia sana, Kiswahili cha kanisani kinamkauka mdomoni. Kama ulilelewa kwa Kichagga cha Kirombo au cha Kivunjo, omba kwa hicho. Mwite Ruwa, kama bibi yako alivyomwita. Kama lugha ya nyumbani ni Kiswahili, basi omba kwa Kiswahili cha nyumbani, kile cha "jamani", si kile cha "ewe Mwenyezi uliyetukuka". Na siku ambayo hata lugha ya mama imegoma, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kukaa kitandani dakika tano ukihema tu, ukijua uko mbele za nani, ni sala. Usijihukumu kwamba hukuomba siku hiyo.

Sasa mwili, maana huku ndiko watu huumia kwa jina la imani. Shida ikibana, la kwanza wengi wanalotangaza ni mfungo: siku tatu kavu, siku 21, siku 40. Kufunga ni jambo la Biblia na simkatazi mtu. Lakini mtazame Eliya, 1 Wafalme 19. Amekimbia, amechoka, amekaa chini ya mretemu anaomba afe: "Yatosha." Malaika hakumpa mfungo. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Neno la Mungu kwake lilikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini hadi Horebu, tena kwa sauti ndogo. Kama hujalala usiku wa tatu sasa kwa sababu ya msiba au mgonjwa, mfungo wako wa kwanza uwe wa simu, na chakula ule. Anayetumia insulini asifunge kabla ya kuongea na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla akapoteza fahamu. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye vidonda vya tumbo wamo humo humo.

Na dawa haziachwi. ARV zikikatizwa, virusi vinaongezeka tena na vinaweza kujenga usugu kwa dawa ile. Za kifafa zikiachwa ghafla zinaweza kuleta degedege mfululizo linaloua. Mtu akikuambia kumeza kidonge ni kukosa imani, muulize kwa nini Isaya, nabii kamili, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia baada ya Mungu kuahidi kumponya. Iko 2 Wafalme 20, aya ya 7. Ahadi ilikuwepo, na plasta ikabandikwa.

Hapa Moshi hatuwezi kuongea habari hii bila kukumbuka Jumamosi ile ya tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sitawanyoshea kidole waliokufa, walikuwa watu wenye shida halisi: magonjwa, madeni, ndoa. Swali langu ni kwa sisi tuliobaki sharikani. Mtu mwenye shida ya namna ile alipokuwa kwetu, alipata wapi nafasi ya kuisema? Kama ibada yetu ina mahali pa kushukuru, pa kutoa na pa kutangaza, lakini haina mahali pa kulia, atakwenda mahali watu wanapolia.

Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, hili ni lenu. Jumuiya ya alfajiri ina dakika arobaini hivi: wimbo, somo, maombi, sadaka, matangazo. Mara moja kwa mwezi toeni wimbo mmoja, someni zaburi ya maombolezo mahali pake. Ziko tele, karibu theluthi moja ya zaburi 150 ni za namna hiyo: ya 6, 13, 22, 42, 77, 102, 130. Isomwe polepole na mtu mmoja, kisha kimya cha dakika mbili, kwa saa, maana dakika mbili za kimya bila saa huwa sekunde ishirini. Mtu asitoe ufafanuzi. Maombi ya wenye shida yakifika, yule anayeombewa aulizwe mbele: unataka tuombe nini hasa? Na aombe mmoja, si watu wanane wakishindana sauti mpaka jirani Mwislamu ashindwe kulala baada ya kuswali.

Kuna ugonjwa mwingine wa jumuiya nao una sura ya sala. "Bwana, mkumbuke dada yetu ambaye mume wake amehamia kwa yule mwanamke wa Majengo." Huo ni umbea uliofumba macho kama sala. Kabla ya saa nne asubuhi itakuwa imefika sokoni Mbuyuni. Ombi la mtu mwingine lisemwe kwa kiasi alichoruhusu yeye mwenyewe. Na wewe mwenye siri nzito, jumuiya nzima si mahali pake. Chagua mtu mmoja, mzee wa kanisa au mchungaji au rafiki ambaye hujawahi kumsikia akikuletea siri za wengine. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane sisi kwa sisi na kuombeana, haisemi kwa kipaza sauti.

Ukienda kumwona mgonjwa, iwe Mawenzi au KCMC au nyumbani kwake, vuta kiti ukae, usimsimamie kitandani kama anayekagua. Mguse mkono, si kichwa, hasa kama ana jeraha au amefanyiwa upasuaji. Muulize kama angependa uombe. Akisema leo hapana, mletee maji, mpigie soga, ondoka. Akikubali soma aya nne tano, usisome sura nzima, kisha omba chini ya dakika mbili kwa sauti ya mazungumzo, maana kitanda cha jirani kuna mtu ametoka kuchomwa sindano ya maumivu na anajaribu kulala. Taja jina lake na kinachomuuma. Usimtabirie. "Nimeona katika roho unatoka Ijumaa" ni deni unalomwachia mgonjwa alilipe Jumamosi akiwa bado kitandani, akijiuliza imani yake ina kasoro gani. Na ukikosa la kusema, marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja jema kabisa: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, "maana waliona ya kuwa mashaka yake ni makubwa mno." Waliharibu walipofungua mdomo.

Kwenye msiba aya inayotumika kuwanyamazisha watu ni "shukuruni kwa kila jambo." Paulo aliandika kwamba katika kila hali mwamini ana la kushukuru. Hakusema mama amshukuru Mungu kwa ajali iliyomuua mwanawe. Yesu pale Bethania alijua kabisa kwamba Lazaro atatoka kaburini baada ya dakika chache, na bado alilia machozi. Kama ufufuo ulio dakika chache mbele haukumzuia kulia, wetu tunaoungoja hadi siku ya mwisho hauwezi kutuzuia.

Nadhiri ni kosa lingine, na linafanywa na watu wema. "Bwana, ukimponya nitatoa ng'ombe, nitakutumikia maisha yangu yote." Mtu akiwa kwenye korido ya hospitali anaahidi chochote. Hana alikuwa na nadhiri, ni kweli, na aliitimiza. Lakini lililomtofautisha Hana, ukisoma 1 Samweli 1, ni yale yaliyoizunguka: alilia, hakula, alimimina roho yake mbele za BWANA mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Uso wake ulibadilika akala chakula kabla hata hajapata mimba. Kama umeshaahidi kitu usichoweza, Mhubiri 5 ni kali, afadhali usiweke nadhiri. Nenda kwa mchungaji, liseme, usilibebe miaka ishirini ukidhani kila homa ya mtoto ni Mungu anadai.

Kumtumaini Mungu kunafananaje basi, kama si kutabasamu? Watu wa Moshi tunaipenda Zaburi 121, na ukiisoma asubuhi Kibo ikiwa wazi bila wingu unaelewa kwa nini. Ila mstari wa pili wa aya ya 1 una alama ya kuuliza: niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi? Mlima hautoi jibu. Jibu linakuja aya inayofuata, kwa aliyezifanya mbingu na nchi, ambaye wakati mwingi haonekani hata mlima unapoonekana. Mimi picha inayonisaidia zaidi iko Zaburi 130: walinzi waingojao asubuhi. Pita Mbuyuni saa kumi usiku umwone mlinzi wa maduka na koti lake zito, kofia imeshuka hadi masikioni, rungu, tochi, jiko la mkaa lililobaki majivu. Hafanyi lolote la kuharakisha jua. Hana hakika kama usiku utaisha bila wezi. Anachojua ni kwamba asubuhi haijawahi kukosa kufika, basi anazunguka tena, anajaribu kufuli, anarudi kwenye kiti. Ana usingizi, ana baridi, na yuko zamu.

Habakuki naye alimaliza zamu yake kwa mashairi ya mkulima: mtini usipochanua, mashamba yasipotoa chakula, zizini pasipo na kundi. Huku kwetu ungesema ugonjwa wa chulebuni umekula kahawa yote, mgomba umenyauka na ng'ombe wa maziwa amekufa na ndama tumboni. Hakusema haviumi. Aya moja kabla alikiri kwamba midomo ilimtetemeka na mifupa ikamwoza ndani.

Yapo mawazo ambayo hayangoji daftari wala jumuiya. Ukianza kupanga namna ya kujiua, au kujisikia kwamba watoto wangekuwa salama zaidi bila wewe, mwambie mtu leo hii, kwa sauti, na uende hospitali iliyo karibu ukiwa na mtu. Sonona ni ugonjwa na una tiba. Eliya aliomba kufa, Yona aliomba kufa, na hakuna aliyeachwa alale na wazo hilo peke yake.

Kwa wale ambao "Nami" haiji kabisa, wameomba mwaka mzima na mdomo hauwezi kusema tumaini bila kudanganya, Biblia imewawekea Zaburi 88. Haina mwisho mwema. Inaanza kwa kilio cha mchana na usiku, inamtaja Mungu kuwa ndiye aliyemlaza shimoni na kumtengea rafiki zake, na neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya zaburi hawakuirekebisha, hawakuiongezea aya ya ushindi, na ilikuwa ikiimbwa: kichwa chake kinaitaja kuwa ni wimbo wa wana wa Kora. Isome ilivyo, kwa sauti ya kawaida, ukifika aya ya 18 funga kitabu bila kuongeza neno, uzime taa. Asubuhi unaweza kuianza tena kutoka aya ya 1, inayomwita kwa jina: "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu."